Mabenchi ya Reli Yalipokwenda Kilioni

Siku yangu ya kwanza kazini sikuulizwa katekisimu wala cheti cha shule. Nilikuwa nimevaa shati jeupe la kuazima, na kichwani nimezipanga sakramenti saba kama vikombe kabatini, tayari kwa swali lolote. Paroko wa Kwanza, Mmisionari mrefu mwenye ndevu na viatu vya fundi wa ujenzi, alinitazama toka juu hadi chini, akanionyesha benchi moja karibu na mlango.

"Hili lipeleke mbele, karibu na altare," akasema, akaondoka.

Hebu niwajulishe benchi lenyewe, maana ninyi vijana mmezoea viti vya plastiki vinavyoruka upepo ukivuma. Baba zetu walikuwa watu wa reli, wengi wametoka kaskazini mwa Katanga, wakaja Lubumbashi kufanya kazi kwenye karakana ya mabehewa. Walipojenga kanisa mbao hazikutosha, lakini mabehewa mabovu yalikuwepo. Maseremala wa reli wakaomba, wakapewa, wakayapasua, wakaunda mabenchi kwa namna waliyoijua wao: mbao nene, pembe za chuma, na boliti ambazo zingeweza kushika daraja. Benchi letu moja lina uzito wa ng'ombe aliyekataa kuvuka mto. Pembeni mwa kila moja pamebaki alama ya daraja la behewa: tatu, tatu, tatu. Wazee wetu walisafiri daraja la tatu hata mbele ya Mungu. Benchi moja tu lilitoka kwenye behewa la daraja la kwanza. Mbao zake zilikuwa laini, mgongo wake umechongwa, na hilo ndilo lililotuletea maneno, kama mtakavyoona.

Basi nikalishika kwa mikono miwili, nikajikaza, benchi halikutikisika. Nikazunguka upande wa pili, vivyo hivyo. Nikavua shati la watu ili lisipasuke, nikaanza kuburuta. Kelele yake ilikuwa ya treni inayofunga breki. Paroko alirudi mbio akanikuta kifua wazi katikati ya kanisa, na nyuma yangu mkwaruzo mrefu kwenye sementi nyekundu waliyoisugua akina mama wiki nzima.

"Kwa nini hukuita mtu?"

"Mon père," nikamjibu kwa Kifaransa cha kumwita padri, "sikuona mtu."

"Mlango umeufunga. Ungefungua mlango ungeona watu."

Kazi nilipata hata hivyo. Nadhani aliona ni salama zaidi kuniweka mahali ambapo ataniona. Ule mkwaruzo upo mpaka leo, na wageni wakiuliza huwa nawaambia ni wa zamani sana, jambo ambalo sasa limekuwa kweli.

Kazi yangu ilikuwa usakristani. Sakristani ni nani? Ni mtu anayejua Mungu atavaa rangi gani Jumapili ijayo. Kasula, yaani lile vazi la juu la padri, huwa la kijani siku za kawaida, zambarau wakati wa Kwaresima, jekundu siku ya mashahidi. Ukikosea, padri anatokea altareni kama mtu aliyevaa suti ya harusi kilioni. Kuna purifikatori, kitambaa cha kufutia kikombe cha misa. Maji yake ya kwanza hayamwagwi kwenye mfereji, yanamwagwa kwenye udongo safi, na mke wangu Mama Odile aliniuliza mara nyingi kwa nini bidii hiyo ya kufua inaishia kanisani. Kuna chetezo, kile chombo cha mnyororo cha kufukizia ubani. Makala yake, yaani makaa, lazima yawe yameiva mpaka yawe mekundu kote. Moshi ni kazi ya ubani. Makala yakitoa moshi wake yenyewe, kwaya inakohoa badala ya kuimba, na lawama ni zako.

Wenzangu waliofanya kazi nyingine huhesabu vituo vyao: Likasi, Kolwezi, Kalemie. Vyangu ni hivi: nilianza mlango wa nyuma, nikapandishwa hadi mlango wa mbele, nikahamishiwa kwenye kengele, nikamalizia sakristia, chumba cha mavazi na vyombo vya misa. Vyote ndani ya ua mmoja. Nyumba ya sakristani, ambayo ni mali ya parokia, inaegemea ukuta wa sakristia, kwa hiyo safari yangu ya kwenda kazini ilikuwa fupi kuliko safari ya Mama Odile kwenda bombani. Yeye husema Mungu aliniumba konokono, akabadili nia dakika ya mwisho. Mara moja kwaya ilinivuta kwenda matembezi ziwani Karavia, na nilirudi na mafua na kiatu kimoja. Mara nyingine nilipewa nafasi kwenye parokia mpya upande wa Luano, kwenye uwanja wa ndege, yenye mshahara mzuri zaidi. Nikaenda kuangalia. Padri alipoinua kikombe ndege ikapita juu ya paa, na kila kitu altareni kikatetemeka, mimi nikiwamo. Nikarudi nyumbani kabla ya komunyo.

Paroko wa Pili alikuwa mtu wetu wa kaskazini, mwembamba, mpenda utaratibu. Katika kikao chake cha kwanza alisema: "Mwenye nyumba anajua kiti chake." Kuanzia hapo kila ukoo wa reli ukapaka jina lake kwenye benchi lake, na sheria ikatangazwa kwamba benchi halitoki kanisani, si kwa harusi, si kwa kilio. Sheria hiyo niliipenda kwa moyo wote, kwa sababu ya mgongo wangu. Aliyeipenda kuliko mimi ni mwenyekiti wa baraza la parokia, ambaye sote tunamwita Papa Prezida, yaani Baba Mwenyekiti. Baba yake aliendesha treni, naye mwenyewe hajawahi kusema neno bila kupiga honi kwanza. Benchi la daraja la kwanza lilikuwa la ukoo wake, na alilikalia kama mtu anayesubiri kuletewa kahawa.

Mtu mmoja hakuwa na benchi. Kaku Anto alitoka Kasai na mumewe zamani. Kaku kwao ni bibi. Aliuza vitumbua mbele ya geti letu. Kila Jumapili kengele ya pili ikilia, aliacha mbabula yake, yaani jiko la makala, akaingia na kigoda chake cha kukaangia, akakiweka kwenye nguzo ya karibu na mlango. Misa ikiisha alikuwa wa kwanza kutoka, maana mafuta hayamsubiri mtu. Katika miaka yake ya mwisho alichoka kukibeba, akawa anakiacha palepale nguzoni.

Sisi na watu wa Kasai ni watani. Tumetoka tumbo moja zamani, tukagawana njia, na tangu hapo hakuna anayemwachia mwenzake sahani bila kumtukana kwanza. Kaku Anto na Papa Prezida walikuwa mabingwa.

"Prezida," Kaku alimwita siku moja mbele ya watu, "ile benchi yako ya première classe, tikiti uliipataka wapi?"

"Kaku, weye unaingiaka bila tikiti, na miye nanyamaza. Leta kitumbua."

"Nunua! Siku treni yako itaondoka, utanilia mu dirisha: Kaku, Kaku, mukate ya njiani! Miye nitakupungia tu mukono."

Kisha mtaa ukaanza kutuhama huku sisi tumesimama. Kazi ya reli ilipungua, watoto wa wafanyakazi wakauza nyumba za baba zao, wengine wakaenda kujenga mbali, mwisho kabisa wa kata ya Katuba, wengine wakavuka mpaka. Nyumba zao zikawa maghala ya sementi, maduka ya simu, gereji. Karakana ndogo ya mkabala wetu ikawa kanisa la uamsho lenye vipaza sauti vinavyotazama upande wetu. Padri wetu alikuwa akisema "Bwana awe nanyi," na kabla hatujafungua mdomo mtaa mzima unajibu "Amina!" kwa ajili ya maombi mengine kabisa.

Mabenchi yakabaki na majina bila makalio. Na mgeni akikalia benchi tupu, mara anaingia mzee wa ukoo huo, amechelewa kwa sababu ya basi la Katuba, anasimama kando yake na kukohoa mpaka mgeni ahame. Jumapili inayofuata mgeni yule tulimsikia ng'ambo ya barabara, akisema Amina.

Hapo ndipo alipokuja Paroko Kijana, mzaliwa wa mji huu, wazazi wake wa Kasai, mcheshi, mwenye pikipiki. Hakumaliza mwaka akatuita, mimi na Papa Prezida, sura yake imebadilika. Alikuwa amepigiwa simu kutoka kwa Askofu. Walikuwa wanafikiria kuifanya parokia yetu kigango, yaani kanisa dogo lisilo na paroko wake, la kutembelewa na padri wa Katuba pale anapopata nafasi. Vikari Mkuu, ambaye ni mkono wa kulia wa Askofu na huitwa Monsinyori, angekuja Jumapili kuona kwa macho yake kama hapa bado pana parokia.

"Na nyumba ya sakristani?" nikauliza, maana kila mtu na msalaba wake.

"Itapangishwa, Papa. Weye watakupeleka Luano."

Luano! Kule kwa ndege. Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama Odile, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, tayari anatafuta maboksi. "Konokono," akaniambia, "leo banakutoa mu nyumba yako."

Papa Prezida alikuwa na mpango. Koo zote za reli zingeitwa kutoka kila walikohamia, kila ukoo ujaze benchi lake. "Bote bakuye," alipiga honi. "Bazima, bagonjwa, hata bale bafu kama banaweza!" Mimi nilipewa kazi ya kuyapaka mabenchi nta. Niliyapaka mpaka ukikaa unateleza.

Alhamisi ya wiki hiyo Kaku Anto akafariki. Alikufa mchana, vitumbua vyote vimeuzwa, mbabula bado ina moto. Alikuwa ameona vitukuu, na hakuna aliyeweza kusema amekufa mapema. Binti yake Mama Bea akaja getini. Yeye na ndugu zake walikuwa wamehamia kanisa la uamsho, ingawa mama yao hakuhama. Mchungaji wao alikuwa amemsindikiza, akasimama nje ya geti kama mtu aliyefika nyumba yenye mbwa.

"Mon père," akasema Mama Bea, "turubai tuko nayo, maji tuko nayo, bukari ya kulisha bantu iko mu moto. Bantu banajaa avenyu yote na habana fasi ya kukaa. Tunakuya kuomba benchi."

Papa Prezida akawahi. "Kanisa yenu haina viti?"

"Viti yetu ni ya kukodi, papa," Mchungaji akajibu kutoka nje ya geti. "Mwenye viti alizibeba jana."

"Benchi haitokaka mu kanisa. Ni sheria. Na Jumapili Vikari Mkuu anakuya!"

Paroko Kijana akanigeukia mimi. "Papa Sakristani, Kaku alikuwa anakalia benchi gani?"

"Hata moja, mon père. Alikuwa na kigoda chake."

Aliingia kanisani peke yake. Tulimwona kwa mbali amesimama kwenye ile nguzo, anakitazama kile kigoda chenye madoa ya mafuta. Hakukaa sana. Aliporudi hakuhubiri, alisema tu: "Zitoke."

"Ngapi?" Papa Prezida akauliza.

"Zote. Mazishi ni Jumamosi asubuhi, jioni zitakuwa zimerudi."

Nikafungua kinywa kutaja mgongo wangu, lakini nilikuwa nimechelewa. Mama Bea alikwisha piga ukelele barabarani. Wakaja makanika wa gereji wenye mikono ya grisi, wakaja wabebaji wa sementi weupe kama mizimu, wakaja vijana wa Mchungaji, na Mchungaji mwenyewe akavuka geti kwa mara ya kwanza, amekunja mikono ya suti.

"Papa," akanipigia kelele makanika mmoja akiwa chini ya benchi, "hii kintu, munailishaka nini?"

"Inakula watu wasiokuja misa," nikamjibu. "Leo imekuona."

Mgongo wangu haukubeba hata ubao mmoja. Nilisimama mlangoni na kuelekeza, kazi ninayoiweza sana.

Sasa, avenyu yetu ina desturi moja. Kitu kilichokwisha kaliwa na mfiwa hakiondolewi kilioni kabla maiti hajazikwa. Ukikiondoa ni kama umemwambia marehemu: tumekuchoka, enda haraka. Hilo tulilijua sote, na hatukuona hatari, kwa kuwa mazishi yalikuwa Jumamosi. Lakini mtoto wa kwanza wa Kaku, anayefanya kazi Afrika Kusini, alikuwa anakuja kwa ndege, na ndugu zake walikwenda Luano kumpokea, wakasubiri, wakarudi bila yeye. Ndege haikuja. Angefika Jumapili jioni. Mazishi yakasogezwa hadi Jumatatu, na mabenchi yetu yote, yanang'aa nta, yakabaki chini ya turubai.

Jumamosi hiyo Papa Prezida alikuwa treni yenyewe. "Vikari Mkuu ataingia mu kanisa na hataona hata benchi moja! Atasema tuliziuza! Tutakuwa kigango mbele ya saa sita!" Akaapa kwamba atakwenda kuleta angalau moja, la daraja la kwanza, ili Monsinyori apate pa kukaa. Nilimfuata kwa nyuma hadi pembeni ya avenyu, umbali ambao kwangu ni safari.

Hakulifikia. Wanawake wa Kasai walimwona kutoka mbali.

"Aaa! Mutani wa Kaku! Anafika!"

"Prezida, mbona macho yako ni mikavu? Hata kitunguu hukuleta?"

Mtu na mtani wake hawaachani kilioni. Mtani ndiye anayepaswa kuigiza kazi za marehemu ili wafiwa wacheke kidogo. Walimkamata, wakamfunga aproni ya Kaku juu ya suti, wakampaka unga mashavuni, wakamsukuma mbele ya mbabula.

"Kaanga!"

"Miye ni Prezida wa baraza la parokia!"

"Tena ni vizuri. Kaanga ya baraza yote!"

Akakaanga. Kitumbua cha kwanza kiliungua, cha pili kilikuwa kibichi, cha tatu wakamlazimisha akile mwenyewe. Mama Bea, ambaye tangu Alhamisi alikuwa amekaa kama jiwe, alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipokwisha anza kutoka yakawa ya kweli, na Papa Prezida akaacha mwiko akaenda kukaa karibu naye kwenye benchi lake la daraja la kwanza. Upande wa pili alikuwa amekaa Mchungaji. Niliwaacha hapo.

Alirudi jioni bila benchi, unga kwenye masharubu.

"Kesho misa iko kule," akamwambia Paroko.

"Nani amesema?"

"Miye. Prezida."

"Aksanti, Papa," Paroko Kijana akasema. "Toka asubuhi natafuta namna ya kukuambia."

Jumapili nilifungasha valizi, yaani sanduku dogo la misa: kikombe, hostia, mishumaa, na korporali, kile kitambaa cha mraba kinachotandikwa chini ya kikombe. Altare ikawa meza ya Kaku ya vitumbua, tuliyoisugua mara mbili na bado ilinukia mafuta. Koo za reli zilikuwa zimefika kutoka Katuba kwa wito wa Papa Prezida, wakakuta mabenchi yao yamekaliwa na makanika. Wakakohoa. Hakuna aliyehama, kilio hakina mwenye kiti. Wakabanana palipobaki nafasi. Mimi nikatumwa kurudi kanisani kumpokea Vikari Mkuu, kazi niliyoipokea kwa furaha kwa kuwa ilikuwa nyumbani.

Aliingia peke yake, mtu mkubwa, mzito, anayetembea polepole. Alisimama katikati ya ile sementi nyekundu tupu. Hata sauti ya viatu vyake ilirudi kumuuliza ni nani.

"Papa, mabenchi yako wapi?"

"Yako ku kilio, Monsinyori."

"Yote?"

"Yote."

"Na wakristo?"

"Nabo."

"Paroko?"

"Naye, Monsinyori."

Alitazama huku na huku. Aliona mkwaruzo wangu chini, akaufuata kwa macho mpaka mbele, hakuuliza. Nadhani miguu ilikuwa inamuuma, maana alikwenda kwenye nguzo na kukalia kitu pekee kilichokuwepo. Kigoda kikatoa mlio wa uchungu.

"Na hiki ni cha nani?"

"Cha marehemu."

Nilidhani ataruka. Hakuruka. Alikaa pale, magoti yamefika karibu na kidevu, kwa muda ambao moyoni nilikwisha hamia Luano, nikazoea ndege, nikazikwa huko. Nikamweleza yote: benchi, sheria, kigoda, desturi, ndege, vitumbua vya Prezida. Mwishowe akainuka.

"Twende," akasema. "Kibebe."

Hivyo ndivyo nilivyotoka nje ya ua wangu kwa maandamano: Vikari Mkuu mbele, mimi nyuma na kigoda kichwani, na Mama Odile mlangoni kwetu akipiga vigelegele kana kwamba ninaolewa.

Kilioni hakuna aliyempigia Monsinyori magoti. Bibi mmoja alimwambia, "Songa pale, baba, kuna fasi," na akabanwa kwenye benchi la daraja la kwanza kati ya Mchungaji na Papa Prezida.

"Papa Prezida," akauliza, "wakristo wenu hapa ni wangapi?"

Papa Prezida alikuwa amelikariri jibu la swali hilo wiki nzima. Alijaza kifua. Akautazama umati, akamtazama jirani yake.

"Monsinyori, sijui. Bengine ni betu, bengine ni ba huyu Mchungaji, bengine ni ba gereji. Ila bote banakalia mbao yetu."

Ilipofika wakati wa kuwasha chetezo nikagundua makala yangu yameloa. Mama Bea akachota makaa kwenye mbabula ya mama yake, mekundu kote, akayaweka ndani kwa koleo. Sijawahi kupata makaa mazuri namna ile kwa miaka yangu yote. Mchungaji alileta kipaza sauti chake. Vikari Mkuu alivaa kasula ya zambarau, akakalia kigoda cha Kaku kama kiti cha enzi, akasema, "Bwana awe nanyi," na avenyu nzima ikajibu. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi ng'ambo mbili za barabara zilijibu kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kitukuu mmoja wa Kaku alisema "Amina" badala yake, na hatukumkosoa.

Mwana wa Kaku alifika jioni ile. Jumatatu tukamzika Kaku, kisha mabenchi yakarudi. Wabebaji waliyapanga kama walivyoyafikisha, benchi la ukoo huu mahali pa ukoo ule, na la daraja la kwanza, lililoingia mwisho, likaachwa nyuma kabisa karibu na mlango. Nilisubiri honi. Papa Prezida alikuja, akalitazama, akalikalia. "Hapa ni muzuri," akasema. "Iko karibu na vitumbua." Mama Bea alikuwa ameanza kuuza mahali pa mama yake.

Habari kutoka kwa Askofu ilichelewa kufika, na Mama Odile aliweka maboksi tayari chini ya kitanda muda wote huo. Kisha simu ikamlia Paroko Kijana uani, nami nikamwona anacheka kabla hajamaliza kusikiliza. Parokia inabaki parokia. Vikari Mkuu alikuwa amemwambia Askofu: "Wale watu, ukiwafungia kanisa, itachukua muda kabla hawajajua." Mama Odile aliyatoa maboksi, akawashia moto.

Tangu hapo mabenchi yetu hayatulii. Yameenda harusini, yameenda kwenye sherehe za diploma yakarudi yamejaa poda wanayomwagiwa wahitimu, yameenda hata kwa Mchungaji siku yake ya kubariki jengo jipya, ingawa tuliyadai haraka ili yasiongoke. Majina ya koo yamefutika kwa kubebwa. Mkiniuliza nimejifunza nini katika kazi yangu, nitawaambia makala yakauke, purifikatori isipigwe pasi ikiwa mbichi, na msimwamini mwanakwaya anayesema anajua saa. Mengine sikuyafahamu vizuri, nilikuwa ndani.

Nilipostaafu, nafasi yangu akapewa mama mmoja wa Katuba, mwenye nyumba yake, kwa hiyo sisi tumeachiwa tubaki katika ile yetu. Siku yake ya kwanza nilimsubiri kanisani. Sikumuuliza sakramenti saba. Nilimwonyesha benchi la daraja la kwanza. "Hili," nikasema kwa sauti ya Paroko wa Kwanza, na nikajiweka vizuri kutazama.

Alilisukuma kidogo kwa ncha ya kiatu. Halikutikisika. Basi akaniacha palepale, akaenda kwenye mlango mkubwa, akafungua mabawa yote mawili, akaita barabarani:

"Ba papa! Hii benchi ni nzito, mukuye!"

Makanika wawili wakaweka spana chini. Mchungaji akavuka barabara akikunja mikono ya shati. Wakaliinua, wakamtazama yule mama, yule mama akanitazama mimi.

"Tunaipeleka wapi, Papa?"

Sikuwa nimefikiria. Mimi nilijiandaa kwa mkwaruzo tu. Kisha nikakumbuka kwamba siku hiyo jumuiya yetu ndogo, tunayoiita shirika, ilikuwa inasali kwetu, na Mama Odile alikwisha lalamika kuhusu viti.

"Kwangu," nikasema.

Wakalipitisha uani, mimi nyuma yao, mikono mitupu. Mama Odile alikuwa mlangoni na ufagio.

"Weye tena?" akaniuliza. "Haukustaafu?"

"Nilistaafu," nikamwambia. "Sogea, lipite."